Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Moro lililovuka mpaka uliofungwa

Januari 1979. Tanzania iko vitani. Wanajeshi wako Kagera wanapambana na majeshi ya Idi Amin, na kila penye redio watu wamejazana kusikiliza habari za mapigano. Upande wa kaskazini, mpaka na Kenya umefungwa tangu Februari 1977.

Katikati ya yote hayo ikaja habari nyingine kutoka Mombasa. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, fundi wa gitaa kutoka Morogoro, amefariki kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34 tu.

Watu walilia, lakini wengine wakajiuliza. Mpaka umefungwa, nchi mbili hazielewani, hata ndege za pamoja hakuna tena. Sasa mwanamuziki mkubwa kabisa wa Tanzania alikuwa anatafuta nini Mombasa?

Jibu, kwa sehemu kubwa, liko kwenye kitu kimoja cheusi, cha duara, chenye tundu katikati. Santuri.

MJI KASORO BAHARI

Ili umwelewe Mbaraka, ianze na Moro yenyewe.

Mji umekaa chini ya milima ya Uluguru, ile milima ambayo kilele chake cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Asubuhi mawingu yanakaa juu, maji yanashuka mabondeni, na wakulima wa Kiluguru wanateremka na ndizi, mboga na matunda kichwani kwenda sokoni. Wenyeji wanauita mji kasoro bahari, maana kila kitu kipo, isipokuwa bahari.

Lakini Moro sio mji wa wakulima peke yao. Reli ya Kati ilifika hapo tangu enzi za Wajerumani. Mashamba ya mkonge yalizunguka mji na kuleta vibarua wa kila kabila. Barabara ya kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kama kilomita 190, inafika Moro na kugawanyika: huku Dodoma, huku Iringa. Msafiri wa bara lazima apite hapo, ale hapo, na mara nyingi alale hapo.

Mji wa namna hiyo una watu wengi walio mbali na kwao, wenye mshahara mfukoni mwisho wa mwezi na hamu ya kusahau machovu ya wiki. Watu kama hao wanataka dansi.

Na dansi Moro ilikuwepo. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka huo huo, tarehe 27 Juni, ndipo alipozaliwa mtoto Mbaraka. Bendi na mtoto wamekua sambamba, kila mmoja kivyake, mpaka walipokutana.

KABLA YAKE ALIKUWEPO SALUM

Usisahau jina la Salum Abdallah. Huyu ndiye aliyeanza kuipa Moro sifa.

Salum alizipenda mno santuri za Cuba, zile zilizokuwa na alama ya GV na zilizoletwa Afrika na kampuni ya HMV tangu miaka ya 1930. Kisa chake kinajulikana: akiwa kijana alitoroka nyumbani kwa nia ya kwenda Cuba kabisa, akafika Mombasa, na safari ikaishia hapo. Akarudi Moro. Kama Cuba imeshindikana, basi ataileta Moro. Bendi yake ikaitwa Cuban Marimba.

Kwa miaka kadhaa mji mmoja mdogo ukawa na bendi mbili kubwa zinazogombea watu: Cuban Marimba huku, Morogoro Jazz kule. Ushindani wao ulikuwa kama wa timu za mpira. Mwenye mapenzi na hii hakanyagi kule.

Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari. Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza, naye alikuwa hodari, lakini Moro ilikuwa imepoteza nyota yake.

Miaka hiyo hiyo ndiyo Mbaraka anaingia Morogoro Jazz. Kijana wa miaka ishirini na kidogo. Masomo aliyaacha, gitaa likamchukua.

KUTOKA RIZIMU HADI SOLO

Kwenye bendi ya dansi ya wakati ule kulikuwa na ngazi. Kuna besi, ambalo ndilo msingi. Kuna gitaa la rizimu, ambalo linashikilia mwendo na halisikiki sana mpaka likikosekana. Halafu kuna solo, ambalo ndilo linaongea na watu. Nyuma yao kuna ngoma na tumba, na pembeni kuna saksafoni.

Mbaraka alianza na rizimu. Lakini hakukaa sana huko. Alipanda mpaka solo, na zaidi ya hapo akawa pia mwimbaji na mtunzi. Yaani mtu mmoja kashika vitu vitatu ambavyo kwenye bendi nyingi viligawanywa kwa watu watatu.

Solo lake halikuwa na haraka. Wapiga gitaa wengi wa wakati ule walikuwa wanawafuata Wakongo, kina Franco na Dr Nico, na Mbaraka naye aliwasikiliza. Ila yeye alikuwa na namna ya kulifanya gitaa lijibu sauti yake. Anaimba mstari, anaacha nafasi, gitaa linamalizia maneno. Msikilizaji anabaki hajui ni kipi kinachoimba.

Nyimbo za dansi zilijengwa kwa vipande viwili. Mwanzoni mwendo ni wa taratibu na maneno ndiyo yanayobeba: kisa kinaelezwa, ushauri unatolewa, lawama inapelekwa kunakohusika. Baadaye mwendo unabadilika, maneno yanapungua, magitaa na saksafoni vinachukua nafasi. Hapo panaitwa chemko. Mzee aliyekaa anasikiliza maneno, naye anainuka.

Mambo yenyewe aliyoyaimba yalikuwa ya nyumbani kabisa. Ukitazama majina tu ya nyimbo zake unaona: Mashemeji Wangapi, Masimango, Pesa No. 1, Pole Dada, Heshima kwa Vijana. Hakuna hata jina moja hapo linalohitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Moro, wa Tanga au wa Kisumu. Wimbo wa Jogoo la Shamba ulichukua methali ambayo kila mtoto anaijua, ile inayosema jogoo wa namna hiyo mjini hawiki. Na aliyeuimba alikuwa mtu wa mkoani ambaye sauti yake ilisikika kwenye miji yote.

WIMBO ULIVYOPATA KUWA SANTURI

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri, kwa sababu maisha yote ya Mbaraka yalizunguka hapa.

Miaka ile bendi ya Tanzania ilikuwa na njia mbili za kusikika nje ya ukumbi wake. Ya kwanza ni redio. Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ilikuwa na studio, ilikuwa ya serikali, na ilikuwa redio pekee ya Tanzania Bara. Bendi inakuja, inarekodi nyimbo zake, tepu inawekwa maktaba. Baada ya hapo wimbo unapigwa kwenye vipindi vya salamu na vya muziki, nchi nzima inausikia.

Redio ilimpa mwanamuziki jina. Hela ilikuwa habari nyingine. Malipo ya kurekodi yalikuwa madogo, na wimbo ukipigwa mara elfu moja hewani, mtunzi hapati kitu kwa kila mara unapopigwa.

Njia ya pili ni santuri. Na hapo tatizo: Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Kiwanda kilikuwa Nairobi. Kampuni kubwa zilikuwa Nairobi. Kwa hiyo wimbo uliotungwa chini ya Uluguru, kwa Kiswahili, na kuchezwa na watu wa Moro, ulilazimika kwenda Kenya ukageuzwe kuwa plastiki, halafu urudi kuuzwa kwa watu walewale.

Santuri ndogo za wakati ule, zile za mzunguko wa 45, zilichukua dakika chache tu kila upande. Wimbo mmoja mrefu mara nyingi ulikatwa vipande viwili: kipande cha kwanza upande A, halafu unageuza, unapata kilichobaki upande B. Hata chemko ukalifuate upande wa pili.

Kwa watu wa kawaida santuri ilikuwa kitu cha thamani. Sio kila nyumba ilikuwa na mashine ya kuipigia. Baa ilinunua, mwenye duka alinunua, mfanyakazi wa reli au mwalimu alinunua, na majirani wote wakasikia bure. Wimbo ukipendwa, santuri moja ilihudumia mtaa.

Mbaraka na Morogoro Jazz waliingia kwenye njia hiyo na nyimbo zao zikatoka kwa lebo ya Polydor huko Kenya. Kuanzia hapo Moro ikawa jina linalofahamika mpaka kwenye vijiji vya Kenya ambavyo havijawahi kuona mtu wa Morogoro.

MWAKA 1970: OSAKA

Serikali ya Mwalimu Nyerere ililichukulia suala la utamaduni kwa uzito. Tangu 1962 kulikuwa na wizara iliyoshughulikia utamaduni wa taifa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, wito wa kujitegemea ukaingia hata kwenye muziki. Mwaka 1969 muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana.

Moro wakati huo haikuwa kijiji kilichojificha. Mwaka huo huo wa 1969 wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walifanya mkutano wao mkubwa hapo hapo Morogoro. Dunia ilikuwa inapita mjini.

Mwaka uliofuata Moro ikaenda duniani. Maonyesho makubwa ya Expo 70 yalifanyika Osaka, Japani, kuanzia Machi hadi Septemba 1970, na watu zaidi ya milioni 64 waliingia kuyaona. Tanzania ilikuwa na banda lake, na bendi iliyochaguliwa kwenda kuiwakilisha nchi ilikuwa Morogoro Jazz.

We fikiria. Bendi za Dar es Salaam zipo, tena zenye mashirika nyuma yao. Halafu inakwenda bendi ya mkoani. Waliporudi, Mbaraka aliwaletea watu wimbo wa Expo 70, na mtu ambaye hajawahi kuvuka Mto Ruvu akaijua Osaka kwa njia ya santuri.

WIMBO ULIOBEBA HABARI

Siku ya Krismasi mwaka 1971, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dr Wilbert Kleruu, aliuawa kwa risasi shambani huko Isimani. Aliyempiga alikuwa mkulima Saidi Mwamwindi. Ugomvi ulikuwa wa ardhi na kilimo cha ujamaa. Mwamwindi aliubeba mwili kwenye gari ya Kleruu mwenyewe na kujipeleka polisi mjini Iringa. Baadaye alihukumiwa kifo.

Nchi ilishtuka. Ni mara chache sana kiongozi wa cheo kile kuuawa hadharani, tena na raia. Watu waliogopa hata kulizungumza kwa sauti.

Mbaraka na Morogoro Jazz walitoa wimbo wa Dr Kleruu. Watu wakaomboleza kwa wimbo. Redio ilikuwa ya serikali na marehemu alikuwa mtumishi wa serikali, hivyo haikushangaza kwamba maombolezo yalipata nafasi hewani. Lakini wimbo ulifanya kazi ambayo tangazo la redio haliwezi. Tangazo linasomwa mara moja na kuisha. Wimbo unarudi kesho, na keshokutwa, na miaka hamsini baadaye bado kuna watu wanalijua jina la Kleruu kwa sababu tu ya gitaa la Mbaraka.

Hapo ndipo unapoona nguvu aliyokuwa nayo. Alikuwa anawachezesha watu, ndiyo. Lakini pia alikuwa anawaandikia kumbukumbu.

1973: VOLKANO INALIPUKA

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz. Bendi iliyomlea, iliyozaliwa naye mwaka mmoja, akaiacha. Akaanzisha Orchestra Super Volcano.

Leo mwanamuziki akihama bendi ni jambo la kawaida. Wakati ule ilikuwa hatari kubwa, na sababu ni vyombo. Gitaa la umeme, vikuza sauti, spika, ngoma, saksafoni: vyote vilitoka nje ya nchi kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwa za kuchezea. Ndiyo maana bendi nyingi zilijificha chini ya mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Jeshi lilikuwa na bendi zake, polisi walikuwa na yao. Mwanamuziki wa huko alipata mshahara, na vyombo vikiharibika shirika linajua la kufanya.

Mtu anayesimama mwenyewe hana mshahara wala shirika. Anategemea vitu viwili: mlango wa ukumbi na mauzo ya santuri. Usiku watu wasipokuja, bendi haili. Santuri isipotoka, jina linasahaulika.

Mbaraka akaenda na njia hiyo ngumu. Kila bendi ya wakati ule ilikuwa na mtindo wake, jina la uchezaji linalowatambulisha, na Super Volcano ikaja na Masika. Masika ni mvua kubwa ya kuanzia Machi, ile inayoshuka Uluguru ikajaza mito. Jina lilitosha. Sauti ya bendi ilikuwa nzito kuliko ya zamani, saksafoni zikasogea mbele, na solo la Mbaraka likapata uwanja mpana zaidi.

Morogoro Jazz haikufa siku hiyo. Lakini mashabiki walishaelewa kwamba nyota ameondoka na mwanga wake.

MPAKA UNAFUNGWA

Miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa Tanzania waliona hesabu haiingii. Kama santuri inafyatuliwa Nairobi na hela iko Nairobi, kwa nini wasihamie Kenya? Ndugu na wenzao waliotoka Arusha Jazz walifanya hivyo na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Baadaye, mwaka 1978, ikazaliwa Les Wanyika. Wengi wao walikuwa damu ya Tanzania waliokula matunda ya Kenya.

Mbaraka yeye alibaki mtu wa Tanzania, huku santuri zake zikitoka Kenya. Mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Na hilo liliwezekana kwa sababu nchi tatu zilikuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: reli moja, posta moja, shirika moja la ndege.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Shirika la ndege likafa. Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Malori yakasimama, mabasi yakasimama, biashara ikasimama.

Kwa mwanamuziki anayeishi kwa santuri, hilo lilikuwa sawa na mkulima kuambiwa shamba lake sasa liko nchi nyingine. Soko kubwa liko ng'ambo. Kampuni iko ng'ambo.

Lakini kuna kitu ambacho askari wa mpakani hawezi kukikagua. Mawimbi ya redio. Sauti ya Kenya ilisikika Tanzania, RTD ilisikika Kenya. Viongozi walikuwa wanarushiana maneno, huku raia wa pande zote mbili wakicheza nyimbo zilezile.

SHIDA

Katika kipindi chake cha Super Volcano ndipo Mbaraka alipotoa wimbo ambao mpaka leo ndio wa kwanza kutajwa jina lake likitajwa: Shida.

Jina ni neno moja, na halihitaji maelezo. Nani hana shida? Tanzania ilikuwa inaingia kwenye miaka migumu. Bei ya mafuta duniani ilipanda kuanzia 1973, ukame ukaja, bidhaa zikaanza kupungua madukani. Kenya nako walala hoi walikuwa walewale. Mtu wa Moro na mtu wa Mombasa waliusikia wimbo mmoja na kila mmoja akaamini umetungwa kwa ajili yake.

Santuri hiyo ilivuma Kenya kuliko kazi zake zote. Huko ndiko ilikouzwa, huko ndiko ilikopigwa kwenye baa na kwenye redio mpaka jina la Mbaraka likawa kama la mwenyeji. Na hapa ndipo pana uchungu wenyewe: wimbo wake mkubwa kuliko zote ulikuwa unaingiza hela upande wa pili wa mpaka uliofungwa.

Wimbo ukipendwa Kenya, mashabiki wa Kenya wanataka kumwona mwenye wimbo. Mwenye bendi isiyo na shirika hawezi kuwakataa watu wanaonunua santuri zake. Ndiyo maana ile habari ya Januari 1979 ilitoka Mombasa. Alikufa akiwa kwenye soko lake.

Mombasa ile ile ambayo Salum Abdallah aliishia akiitafuta Cuba. Na ajali ya gari, kama ya Salum. Nyota wawili wakubwa wa mji mmoja, wote wakachukuliwa na barabara, wakiachana miaka isiyofika kumi na minne.

SANTURI ZILIENDELEA KUTOKA

Baada ya mazishi, Super Volcano haikuweza kusimama kama zamani. Bendi iliyojengwa juu ya sauti moja na solo moja hupata tabu mwenye sauti na solo akiondoka.

Lakini nyimbo hazikusimama. Polygram ya Nairobi ilikusanya kazi zake kwenye santuri kubwa zilizopewa jina la Ukumbusho, toleo baada ya toleo. Baadaye zikahamia kwenye kaseti, na kaseti zikanakiliwa na kila mwenye mashine, kihalali na kwa njia za panya. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa 1983, miaka karibu mitano baada ya kifo chake. Miaka mingine ikapita, lebo ya Dizim ya Ujerumani ikatoa CD yenye jina la Masika. Wazungu nao wakaligundua gitaa la Moro.

Hela zilikwenda wapi? Hilo ndilo swali lililowaudhi wanamuziki wa kizazi chake wote. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo Tanzania tangu 1966, lakini kwa mpiga gitaa wa kawaida ilikuwa karatasi tu. Hakukuwa na chombo cha kukusanya mirabaha na kumpelekea mtunzi au familia yake. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa 1999, nayo ndiyo iliyozaa COSOTA. Hesabu mwenyewe: ni miaka ishirini kamili tangu Mbaraka afe.

Kwa hiyo wakati nyimbo zake zinauzwa zaidi, yeye hayupo, na utaratibu wa kuwalipa waliobaki nao haupo. Msanii wa leo anayelalamika kuhusu malipo ya mtandaoni hajaanzisha kilio. Kilio hicho kina umri mkubwa kuliko yeye.

KILICHOBAKI MORO

Leo ukishuka stendi ya Msamvu utasikia Bongo Fleva kwenye kila bodaboda. Hiyo ni sawa, kila kizazi na ngoma yake. Lakini subiri jioni, ingia baa ambayo wateja wake wana mvi, utamsikia. Solo linaanza taratibu, mtu mmoja anaweka chupa chini, mwingine anatikisa kichwa. Hakuna anayeuliza ni nani anayepiga.

Redio nazo hazijamwacha. Vipindi vya zilipendwa vinampiga kila wiki, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Vijana waliozaliwa baada ya mpaka kufunguliwa wanaimba Shida neno kwa neno bila kujua kwamba kuna wakati nchi mbili zilikuwa hazivukiani.

Aliishi miaka 34. Kazi yake ya muziki haikuzidi miaka kumi na mitano. Hakuwa na kiwanda wala studio, na kwa miaka yake ya mwisho hakuwa hata na mpaka ulio wazi. Alichokuwa nacho ni gitaa, sauti, na Kiswahili ambacho kilieleweka kuanzia Uluguru mpaka Mombasa. Mpaka ulifungwa miaka karibu saba. Nyimbo zake hazikungoja ufunguliwe.